Mwaka Mji Ulipopakwa Rangi

Mwaka 2018, katika muhula wa pili wa Gavana Hassan Joho, Serikali ya Kaunti ya Mombasa iliamuru majengo ya katikati ya mji na ya Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe, na kingo zake zitiwe buluu iliyoitwa buluu ya Misri. Gharama ilikuwa ya mwenye nyumba. Haukupita muda kila barabara ikawa na ngazi. Ukitoka Digo Road ukashika Moi Avenue, au ukikatiza Makadara ukateremka hadi Ndia Kuu, juu ya kichwa chako palikuwa na mtu ameshika rola, na chini ya miguu yako madoa meupe yaliyokwisha kukauka.

Ramadhani ya mwaka huo iliangukia Mei na Juni. Mafundi wenye saumu walianza kazi mara baada ya sala ya alfajiri, wakashuka adhuhuri jua lilipokaza. Wengine walirudi baada ya tarawehe, wakapaka kwa mwanga wa taa za maduka huku watu chini yao wakila viazi karai na mishikaki na kunywa ukwaju wa baridi. Watoto walibishana nyumba ya nani imekwisha. Nasema kweli, wengi tulifurahi. Mji ulikuwa umechafuka. Kuta zilikuwa bado zina mabaki ya picha za wagombea wa uchaguzi wa 2017 na nambari za simu za waganga. Nyeupe ni rangi ya pwani tangu zama za chokaa, na jengo kuukuu la Moi Avenue likishaoshwa na kupakwa lilitoa haiba ambayo sisi vijana hatukuwahi kuiona.

Lakini nyumbani kwetu rangi ile ilikuja na jambo jengine, kwa sababu Ami yangu, mdogo wa babangu, alikuwa akiishi kwa kuandika kuta.

Alianza ujana wake kwenye Bandari ya Kale, akiandika majina ya majahazi shetrini. Majahazi yalipopungua akapanda bara kidogo tu, mpaka madukani. Aliandika majina ya vinyozi, ya maduka ya viungo kule Marikiti, ya madrasa na shule za chekechea. Aliandika semi kwenye mikokoteni ya mahamali na majina kwenye matatu. Nilipokuwa mdogo nilimfuata nikimbebea makopo, na hadi leo harufu ya tapentaini hunirudisha kwenye vichochoro vya Kibokoni.

Kazi yake ilianza na uzi. Aliupaka chaki, akanipa ncha moja niishike, akaivuta ya pili hadi upande wa pili wa ukuta, kisha akaubana uzi katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Ukutani ulibaki mstari mnyoofu wa vumbi. Hakuchora kwanza kwa penseli. Mkono wa kushoto ulishika kijiti kilichofungwa kitambaa nchani, kijiti kikaegemea ukuta, na kifundo cha mkono wa kulia kikapumzika juu ya kijiti ili brashi isitetemeke. Herufi S aliianzia katikati, tumboni mwake, akaipandisha, kisha akarudi kuishusha. “Ukiianza kichwani, mwanangu,” alinambia, “mwisho wake hutaujua.”

Kibokoni palikuwa na duka la halua aliloliandika kabla sijazaliwa na kulirudia kila rangi ilipofifia. Jina la duka lilikuwa jekundu lenye kivuli cheusi, na chini yake jina lile lile kwa herufi za Kiarabu, limejipinda kufuata upinde wa mlango. Mgeni akiuliza njia aliambiwa apite kwenye maandishi mekundu kisha apinde kushoto. Kwa watu wa mtaa ule, maandishi yale yalikuwa ndiyo anwani.

Zamu ya duka lile ilipofika, mwenye duka alimwita Ami mwenyewe aje kuyafuta. “Ami, mimi fundi mwengine simjui,” alisema kwa haya, naye ni mtu wa rika la watoto wa Ami. Ami akapaka. Asubuhi ya pili herufi zikawa zimetokeza tena, za waridi, chini ya nyeupe. Rangi nyekundu ya mafuta haizimwi na rangi ya maji. Hupenya na kupanda juu. Ilibidi asugue ukuta kwa msasa, autie rangi ya msingi, angoje ikauke, ndipo apake tena. Kufuta kulimchukua muda mrefu kuliko kuandika.

Tulipokuwa tukifuturu siku hiyo alisema, “Mimi rangi siikatai. Mji ni wa watu wote, na serikali ina haki ya kuutaka uwe safi. Nataka kujua tu, herufi sasa zikae wapi? Ziwe ukubwa gani? Na nikitaka kuuliza, namuuliza nani?”

Nilikuwa nimemaliza chuo karibuni, nimerudi nyumbani nikitafuta kazi, na nilidhani najua maana ya sera. Swali la Ami lilinifundisha. Nilikuwa nikiamini kwamba sera ya sanaa ni kitabu chenye jina hilo, kinachozinduliwa hotelini mbele ya kamera. Nikaanza kuona kwamba sanaa inayokaa mbele ya macho ya umma huamuliwa kwengine, kwenye kanuni ambazo hazitaji neno sanaa hata mara moja: kanuni za rangi za majengo, ada za mabango, leseni za magari, mipango ya barabara na bustani. Mwaka 2004 kanuni za usafiri, ambazo Wakenya wanaziita kwa jina la waziri John Michuki, ziliagiza kila matatu iwe na mstari wa manjano ubavuni. Walioziandika walikuwa wakifikiria ajali na fujo za barabarani, na walikuwa na sababu. Hata hivyo kwa mafundi wa kuchora matatu, hiyo ilikuwa sera ya sanaa, na iliwafikia ikiwa imekwisha kuandikwa.

Ukizunguka kisiwa cha Mombasa ukitazama alama zake kubwa, utaona kwamba kuamuliwa kwengine ni desturi ya zamani. Pembe za ndovu za Moi Avenue, ambazo kila mgeni hupiga picha chini yake, zina asili yake katika miaka ya 1950, zilipowekwa kupamba mji kwa ajili ya ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Sanamu za askari kwenye Jomo Kenyatta Avenue ziliwekwa miaka ya 1920 kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyuso ni za Kiafrika, mchongaji alikuwa Mwingereza, na uamuzi ulikuwa wa serikali ya kikoloni. Ndani ya Fort Jesus, ambayo ujenzi wake ulianza 1593 na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, kuna michoro ya meli na watu iliyochorwa ukutani na wanajeshi wa Kireno karne ya 17. Huenda wale walikuwa vijana waliochoka na zamu, wakachora kwa walichokuwa nacho. Leo michoro yao inalindwa, inaelezwa kwa wageni, na ni halali kabisa ilindwe. Nilikuwa nikisimama mbele yake nikijiuliza ni nani anayeamua kwamba mkono wa askari wa Kireno ni urithi na mkono wa fundi wa Kibokoni ni uchafu wa ukuta. Wote wawili waliandika Mombasa. Tofauti ni kwamba mmoja amepata wa kumsemea.

Shangazi yangu hakuandika kuta. Alikuwa mpaka hina wa mtaa wa Kuze. Chumba chake cha mbele kilikuwa na mkeka, mito, feni, na albamu ya picha za mikono ya mabibi harusi. Alichanganya hina kwa mafuta ya mkaratusi, akaitia kwenye karatasi ya nailoni aliyoikunja pembe, akakata ncha kwa makasi ya kucha. Maua aliyaanzia kwenye kifundo na kuyapandisha hadi kidoleni, na mteja alipotaka piko nyeusi juu ya nyekundu, alitia kingo nyembamba kama unywele. Mistari ile ile utaikuta kwenye pindo za leso katika Biashara Street, kwenye milango ya Ndia Kuu, kwenye vifuniko vya makasha. Wanawake ndio waliokuwa wakiibeba kutoka kitu kimoja hadi kingine. Lakini sikuwahi kumsikia Shangazi akijiita msanii, na sikumbuki mtu yeyote aliyemwita hivyo.

Baadaye mwaka huo tulipata habari kwamba kutakuwa na mkutano wa kukusanya maoni kuhusu sanaa katika mahali pa umma kisiwani. Walioandaa sitawataja, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Habari ilinifikia kwa barua pepe, iliyotumwa na rafiki wa rafiki. Nikawabembeleza Ami na Shangazi twende. Shangazi alivaa buibui lake jipya. Ami alipiga pasi shati.

Mlangoni palikuwa na karatasi ya mahudhurio. Safu yake ya kwanza ilikuwa Jina, ya pili Cheo, ya tatu Taasisi, kisha barua pepe na sahihi. Shangazi aliishika kalamu muda. Nikamuinamia nikamuuliza kwa sauti ya chini, “Hapa kwenye taasisi nikuandikie nini, Shangazi?”

“Andika Kuze,” akasema.

Nikaandika Kuze. Kwenye cheo tukapiga mstari.

Mkutano uliendeshwa kwa Kiingereza. Picha za miji ya mbali zilipita ukutani, nzuri sana, na wasemaji walikuwa watu wa maana. Kijana mmoja kiziwi, mchoraji hodari wa mtaa wa Majengo ambaye Ami alimjua, alikaa safu ya mbele akitazama midomo. Mkalimani wa lugha ya ishara hakuwapo. Ilipofika wakati wa chai kijana akaondoka. Maswali ya watu yalianza karibu na alasiri, saa ambayo Shangazi na wanawake wenzake wawili walitakiwa wawe nyumbani kupokea watoto wa madrasa. Waliondoka bila kusema neno. Ami alinyoosha mkono mara mbili, na saa ikaisha. Ukisoma taarifa ya mkutano ule utaona kwamba wasanii walihudhuria. Ni kweli, majina yao yamo.

Katiba ya 2010 haikuishia kwenye majina. Kifungu cha 10 kinahesabu ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Jedwali la Nne limezipa kaunti kazi ya shughuli za utamaduni. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu chake cha 87, inasema wananchi wapate habari kwa wakati na wafikie kwa njia nafuu hatua za kutunga sera na sheria, na inayataja makundi yaliyosukumwa pembeni kwamba haki zao zilindwe. Kifungu kinachofuata kinampa mwananchi haki ya kuwasilisha malalamiko na maombi kwa kaunti. Usiku mmoja niliwasomea vifungu hivi barazani kwa Ami, nikivifasiri. Mzee mmoja mchonga milango akaniomba nirudie pale pa kutunga. “Yaani kabla haijawa sheria?” akauliza. Nikamwambia ndiyo, kabla.

Baraza lile ndilo darasa langu la sera. Tulikutana baada ya isha, kwenye viti vya simiti nje ya nyumba, kwa kahawa chungu na kashata. Alikuwepo mchonga milango, alikuwepo kijana anayechora mikokoteni, alikuwepo fundi wa chokaa. Shangazi na wenzake walikaa ukumbini, mlango ukiwa wazi, na maneno yao yalitoka makali kuliko ya wanaume. Kijana kiziwi alikuja na dadake aliyemfasiria. Mimi nilishika daftari. Hakuna aliyeulizwa taasisi.

Wa kwanza kunishangaza alikuwa fundi wa chokaa. Mji mzima ulikuwa ukizungumza habari ya rangi gani. Yeye ndiye mtu pekee niliyemsikia akiuliza, rangi ya nini? Alinishika mkono akanipeleka kwenye ukuta wa jirani, nyumba ya matumbawe ya zamani iliyokuwa imepakwa karibuni rangi ya kawaida ya plastiki. Akabonyeza kwa kidole gumba. Rangi ilibonyea, ikapasuka, na nyuma yake ukamwagika unga mweupe wenye chumvi. Akanieleza kwamba nyumba za matumbawe na chokaa zinavuta unyevu kutoka ardhini na kutoka hewa ya bahari, na zinautoa kwa kupumua. Chokaa inauachia unyevu utoke. Plastiki inauziba ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake, na lipu inaanguka na kuchukua kipande cha ukuta. “Nyeupe ni nyeupe kwa jicho tu,” alisema. “Kwa ukuta, hii ni dawa na hii ni maradhi.” Mji wa Kale ni eneo la hifadhi lenye mpango wake tangu 1990, na lina ofisi yake chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo elimu ya chokaa si siri. Lakini mtu anayeijua kwa kidole gumba hakai ofisini. Anakaa barazani, na ukimtaka lazima umfuate.

Hapo ndipo niliacha kuuona ushiriki wa wasanii kuwa ni hisani wanayofanyiwa. Anayeandika kanuni ndiye anayewahitaji kwanza. Kanuni ya rangi iliyopitia kwa fundi wa chokaa ingetaja aina ya rangi kwa kila aina ya ukuta. Iliyopitia kwa mwandishi wa kuta ingesema herufi zikae wapi, labda juu ya mlango, kwenye ubao wa upana uliopangwa, na duka likabaki na anwani yake. Iliyopitia kwa wapaka hina ingekumbuka kwamba mji huu una mapambo yake yaliyo hai mikononi mwa wanawake, na kwamba ukitafuta mchoro wa kituo cha basi au wa ukuta wa hospitali huna haja ya kuuagiza mbali.

Tulipomaliza kuandika tulikuwa na kurasa chache, kwa Kiswahili, na kila neno lilikuwa lao. Waliomba rasimu ya kanuni yoyote inayogusa kuta, mabango, magari au bustani itangazwe kwa Kiswahili ikiwa bado ni rasimu, misikitini, makanisani na kwa ujumbe wa sauti kwenye simu, kwa kuwa wengi wao hawasomi magazeti. Waliomba viti katika kamati ya kuchagua kazi za sanaa, na wanaokalia viti hivyo wachaguliwe na mafundi wenyewe, mtaa kwa mtaa. Waliomba anayeitwa mkutanoni alipwe nauli na ujira wa siku. Shangazi ndiye aliyesisitiza hilo. “Wao wako kazini wakitusikiliza,” alisema kutoka ukumbini. “Sisi tunaacha kazi ili tusikilizwe.” Kijana kiziwi aliomba mkalimani atajwe katika barua ya mwaliko, ili mtu ajue kabla hajatoka nyumbani. Na Ami aliomba jambo moja: kazi ya mtu isifutwe kabla hajaarifiwa, ili akitaka aipige picha.

Barua ilipelekwa kwenye ofisi fulani, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu halikuja. Niliwahi kuwaza kwamba baraza lile lilipotea bure, lakini sikuwa nimeangalia vizuri. Mwenye duka la halua aliweka ubao wa mbao juu ya mlango wake, na Ami akamwandikia upya, nyekundu yenye kivuli cheusi, huku ukuta ukibaki mweupe. Maduka ya jirani yakafuata. Kumbe jawabu la swali la Ami lilikuwepo muda wote, na lingeweza kuandikwa kwenye kanuni kwa sentensi moja.

Wanawake wa Kuze walikwenda mbali zaidi. Walisajili kikundi cha kujisaidia. Sheria ya Kenya imetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, lakini huwezi kuigusa bila usajili, nambari ya kodi na akaunti ya benki. Mpaka hina mwenye mkono wa dhahabu lakini hana cheti anapitwa na mwenye cheti asiyejua kushika kalamu. Sasa Shangazi ana neno la kutia kwenye safu ya taasisi. Anafurahi, ila alinambia jambo ambalo ningependa kila mwandalizi wa mikutano alisikie. “Kikundi kimetufungulia mlango. Lakini yule asiye na kikundi, naye pia ana macho. Mji ni wake vile vile.”

Tangu wakati huo kisiwa kimeendelea kubadilika. Bustani ya Mama Ngina ilijengwa upya na kufunguliwa 2019, na sikukuu ya Mashujaa ya mwaka huo ikaadhimishwa pale. Karibu na Fort Jesus, Swahilipot Hub imewapa vijana mahali pa kufanyia kazi za teknolojia na za sanaa pamoja. Michoro ya ukutani imeongezeka. Mimi mwenyewe nimefanya kazi na vikundi vya wasanii, na nimesoma habari za miji mingine. Philadelphia, Marekani, ilipitisha mwaka 1959 sheria ya kutenga asilimia 1 ya gharama za ujenzi fulani kwa ajili ya sanaa. Mwaka 1984 mji huo huo ulianzisha mpango wa kupambana na vijana waliokuwa wakichora kuta bila ruhusa, na msanii Jane Golden akaajiriwa kufanya kazi nao. Vijana walioitwa waharibifu wakapewa kuta na mishahara, na mpango wa kufuta ukageuka kuwa mpango wa kuchora, ambao umeuachia mji ule maelfu ya michoro. Kinachonivutia katika habari hiyo ni kwamba walianzia kwa watu ambao tayari walikuwa na rangi mkononi. Mombasa inao watu hao, na wetu hawajavunja hata sheria.

Nimejifunza pia kwamba mlango wa sera una saa zake. Kila kaunti huandika mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na wa sasa unatoka 2023 hadi 2027. Mpango wa kila mwaka lazima ufike katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia tarehe 28 Februari. Msanii anayekuja Aprili kuomba ukuta, rangi na malipo amekuta chungu kimekwisha pakuliwa. Hizi ni tarehe ambazo kila fundi wa Kibokoni angepaswa kuzijua kama anavyojua mwandamo wa mwezi, na kuzitangaza ni kazi ya serikali na yetu sisi tuliosoma.

Mpango wa miaka mitano utakaofuata utaandikwa hivi karibuni. Ndani yake kutakuwa na rangi, mabango, masoko, vituo vya mabasi na bustani, na kila sura ya namna hiyo itaamua macho ya watoto wetu yataona nini wakienda madrasa na shule. Nataka waandishi wake waende Kuze baada ya isha, waende Kibokoni, waende Majengo, wakiwa na rasimu ya Kiswahili, mkalimani wa ishara na nauli za watu mfukoni. Wamkute fundi wa chokaa kabla hawajachagua rangi, na mwandishi wa kuta kabla hawajapanga ada za mabango. Nao mafundi wasingoje barua. Sheria imewapa haki ya kuandika, na wanaweza kuandika kwa lugha yao. Daftari langu lina nafasi, na baraza la Ami bado lina viti.